Nyimbo za ziada za nchi ya mukuba

Leo tunaacha kidogo habari za barabara na bei ya unga. Mama mmoja ametuuliza swali, na swali lake limenikalisha siku nyingi.

Mama huyo aliondoka Kolwezi akiwa mtoto, mwaka 1993, pamoja na wazazi wake, wakati familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga. Leo anakaa Mwene-Ditu. Baba yake alikuwa na diski za zamani, zile nzito nyeusi za gramafoni, na moja ilikuwa ya Mwenda Jean-Bosco. Diski hiyo haikufika Kasai. Sasa mtoto wa dada yake amepita kwenye kioski akajaziwa nyimbo za zamani katika kadi ya simu, na mwisho wa nyimbo hizo ziko tatu ambazo kijana wa kioski aliziandika "bonus 1", "bonus 2" na "bonus 3". Mama anasema sauti si ile aliyoizoea. Ni nzito zaidi, kama ya mtu mzima aliyekwisha kutembea sana. Gitari inaenda polepole, na kuna kipande ambacho hakikuwa kwenye diski ya baba. Anauliza: ni Mwenda kweli, ao ni mtu anamwiga? Na kama ni Mwenda, nyimbo hizo zilikuwa wapi siku zote?

Mama, ni Mwenda. Nimezisikiliza zote tatu, nikazilinganisha na zile alizorekodi Cape Town mwaka 1988, na ndizo. Mtu aliyepiga diski ya baba yako alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Yule unayemsikia kwenye simu alikuwa anakaribia miaka 60. Kijana wa kioski hakudanganya, aliweka tu jina lisilofaa. Lakini swali lako la pili, zilikuwa wapi siku zote, ndilo zito, na halimhusu Mwenda peke yake.

Hili neno "bonus", ao nyimbo za ziada, limetoka kwa wauza-diski. Diski ya zamani ya gramafoni ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Mwaka 1948 ikaja diski kubwa yenye kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka 1982 ikaja ile ndogo inayong'aa, yenye nafasi ya dakika 74. Kampuni zilipohamisha muziki wa diski kubwa kwenda ile ndogo, zilikuta nusu saa tupu mwishoni. Zikaanza kuijaza: wimbo uliokuwa upande wa pili wa diski ndogo, jaribio la kwanza kabla ya lile lililokubaliwa, wimbo uliokataliwa na mkubwa wa studio. Huko Japani diski zilizochapwa nchini zilikuwa na bei kuliko zile zilizoletwa kutoka nje, kwa hiyo kampuni za kule ziliomba makundi yaongeze wimbo mmoja ao mbili ili mnunuzi asikimbilie ya nje. Makundi ya roki ya Uingereza na Marekani, hata yale madogo yanayojitegemea bila kampuni kubwa, yakaingia katika mtindo huo. Shabiki aliyekwisha kununua diski ananunua tena kwa ajili ya nyimbo mbili.

Niseme ukweli wangu: mara nyingi nyimbo hizo za ziada ni makapi. Msanii alizikataa kwa sababu nzuri. Lakini huku kwetu, katika nchi ya mukuba kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi na ng'ambo hadi Kitwe, mambo yalienda kinyume. Aliyechagua kitakachoingia kwenye diski hakuwa msanii, na kilichobaki nje hakikuwa makapi.

Turudi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, anapita katika makambi ya kazi na gari lenye mashine ya kurekodi. Amekwisha kuzunguka sehemu nyingi za Afrika ya kusini na ya kati. Jenereta yake anaiacha mbali ili mlio wake usiingie katika muziki, anavuta waya mrefu, kisha anashika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe na kukisogeza karibu na gitari ao karibu na mdomo kadiri anavyotaka kusikia. Barabarani anamkuta kijana anapiga gitari. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mwaka 1930.

Hapa wasomaji wa Kolwezi wanisikilize vizuri, sababu wengi wanafikiri Mwenda ni mtu wa Lubumbashi. Alikaa Lubumbashi, ndiyo. Lakini Bunkeya iko katika teritware ya Lubudi, katika jimbo letu la Lualaba. Ndio mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa huko Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakifuata mukuba na pembe za ndovu, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zilizopita njia hiyo. Mwenda aliimba kwa Kiswahili chetu na kwa lugha nyingine za huku. Baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke, na jina Mwenda lenyewe ni jina la ukoo wa Msiri. Kwa hiyo tukimwita mtoto wa Lualaba hatumnyang'anyi mtu.

Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini, zito na la kurudia, na kile kingine kinacheza juu, na anayesikia kwa mara ya kwanza anatafuta mpiga gitari wa pili yuko wapi. Wimbo wake "Masanga", uliorekodiwa katika safari ile ya 1952, ulipewa Tuzo ya Osborn ya muziki wa Afrika. Mtaalamu David Rycroft aliukaa na kuuandika nota kwa nota, pamoja na nyimbo nyingine za Mwenda, katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Hadi leo wapiga gitari wa Ulaya na Marekani wanaukaza macho wimbo huo kama mtihani.

Sasa tuangalie jinsi diski ilivyotengenezwa, sababu ndipo ziada inapozaliwa. Tracey alikuwa na kofia mbili. Alifanya kazi na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyouza diski za Gallotone, na wakati huohuo alikuwa anakusanya muziki kwa ajili ya kuuhifadhi na kuusoma. Kwa Gallotone wimbo ulipaswa kuisha ndani ya dakika tatu. Mpiga gitari wa makambi hakuwa na desturi hiyo. Usiku wa Jumamosi, watu wakiwa na pombe yao na wamekaa nje ya nyumba, wimbo uliisha wakati habari yake imeisha, ao mchezaji amechoka, ao mwenye nyumba amewafukuza. Mbele ya kipaza sauti uliishia pale nafasi ya diski ilipoishia. Beti nyingine zikabaki mdomoni.

Zile zilizofaa kuuzwa zikawa diski, zikasafiri kwa treni na kwa masanduku hadi Kolwezi, Ndola, Nairobi na Kampala. Mwenda alirekodi nyimbo zaidi ya 100 kwa Gallotone katika miaka hiyo. Zile zisizofaa kuuzwa zikabaki kwenye kanda. Mwaka 1954 Tracey alifungua karibu na Johannesburg Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo tangu 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ulioitwa Grahamstown na leo unaitwa Makhanda. Kutoka kanda hizo maktaba ilitoa mfululizo wa diski 210 ulioitwa Sound of Africa. Tracey alirudi Katanga tena mwaka 1957, akarekodi zaidi. Lakini diski hizo 210 hazikuja kwenye duka la kampani huku kwetu. Zilinunuliwa na vyuo vikuu. Gallotone ilikuwa ya kucheza, Sound of Africa ilikuwa ya kusomea.

Basi mama, hapo ndipo sehemu ya kwanza ya jibu lako. Sehemu ya muziki wa makambi ilikuwa nje kabisa ya macho yetu, katika rafu za watu wenye shahada.

Sehemu nyingine ni maisha ya Mwenda mwenyewe. Hakuwa mtu wa kukaa akingoja mashine ya Mzungu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alienda Nairobi, kama alivyoenda pia binamu yake Edouard Masengo, na vijana wa Kenya wakajifunza kwao kupiga kwa vidole. Mwaka 1969 alipanda jukwaani Newport, Marekani, katika tamasha kubwa la muziki wa kienyeji. Katikati ya safari hizo alikuwa mtu wa kazi kama wazazi wetu: alifanya kazi ya benki, akawa na hoteli, akaongoza kundi la dansi. Katika miaka ya 1970 redio ilikuwa imejaa muziki wa Kinshasa, na gitari moja ya vidole viwili ilionekana kitu cha wazee. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule, kuwatafuta wapigaji wa zamani kama Mwenda, Masengo na Losta Abelo ili ajifunze kwao, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Alivuka bahari kutafuta kitu ambacho sisi tulikuwa tunakizima ili tusikie habari za jioni.

Mwaka 1982 Mwenda alirekodiwa Ujerumani na mtaalamu Gerhard Kubik. Mwaka 1988 akaingia studio Cape Town. Mwezi wa Septemba 1990 akafa kwa ajali ya gari Zambia. Diski ya Cape Town ilitolewa Marekani mwaka 1994, yeye akiwa amekwisha kulala miaka minne. Hizo ndizo zilizofika kwenye simu ya mtoto wa dada yako, kwa njia ambayo kila mwenye kioski anaijua na hapendi kuieleza.

Mwezi huohuo wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, ulianguka chini ya ardhi. Wazee wa Gécamines wanahesabu tangu siku ile. Kampuni iliyokuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za mukuba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka hadi chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mishahara ikakatika, na mtu mwenye njaa akionyeshwa jirani wa kumlaumu, humlaumu. Wazazi waliokuwa wameletwa kutoka Kasai na Union Minière tangu miaka ya 1920, na watoto wao waliozaliwa hapa na kusoma hapa, wakaambiwa warudi kwao. Walikaa siku na majuma katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa palepale, hasa watoto. Nani angebeba gramafoni?

Kabla ya kuendelea na jambo hilo, niruhusuni nivuke mpaka kidogo, sababu kwa majirani zetu wa Zambia kuna kisa cha kundi la roki kinachofanana na chetu hadi kinachekesha, ila hakichekeshi.

Huko Kitwe, mji wa mukuba kama wetu, vijana walianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lililoitwa WITCH. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, jina la kumfuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Mwaka 1972 walitoa diski yao ya kwanza, "Introduction", bila kampuni kubwa nyuma yao, wakaiuza wenyewe katika maonyesho. Ndiyo inayohesabiwa kuwa diski kubwa ya kwanza ya biashara kutengenezwa na kundi la Zambia. Zikafuata nyingine, na ile ya 1975, "Lazy Bones!!", ndiyo inayopendwa zaidi. Mtindo huo wakauita Zamrock: gitari za umeme zenye kelele, ngoma za nyumbani, na vijana wa makambi waliovaa suruali pana.

Kisha bei ya mukuba duniani ikaanguka kuanzia 1974. Ni bei ileile iliyoupiga mfuko wa Gécamines. Wachimbaji wa Kitwe wakakosa pesa ya diski na ya kiingilio, umeme na usiku vikawa vya wasiwasi, na katika miaka iliyofuata UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Chanda alienda kufundisha, baadaye akawa anachimba vito ardhini. Ndiyo, mwimbaji wa roki mwenye koleo mkononi. Krezeri wetu wa Kolwezi wangemkaribisha bila kumuuliza maswali.

Mwaka 2012 kampuni ndogo ya Marekani, Now-Again, ilitoa sanduku lenye diski za WITCH, na ndani yake zikawemo nyimbo zilizokuwa zimetoka tu kwa diski ndogo za nyimbo mbili na kusahauliwa. Ndizo za ziada. Kwa mnunuzi wa Los Angeles ni zawadi juu ya zawadi. Kwa Kitwe ni nyimbo ambazo watu walikuwa nazo nyumbani, wakazipoteza pamoja na nyumba. Tofauti na Mwenda ni kwamba Chanda alikuwa hai. Sanduku lile lilimtoa shimoni. Alizunguka Ulaya na Marekani na wanamuziki vijana, na mwaka 2023 jina la WITCH likatoa diski mpya, "Zango", karibu miaka 40 baada ya ile ya mwisho. Wenzake wengi wa mwanzo hawakuiona.

Nani anakula matunda ya nyimbo za ziada? Msanii akiwa hai na mwenye karatasi, anaweza kula. Akiwa amekufa na watoto wametawanyika, ni vigumu. Tunalo fundisho kutoka kampuni ileile ya Gallo iliyouza diski za Mwenda. Mwaka 1939 Mzulu Solomon Linda aliwarekodia wimbo "Mbube". Haki zake zilinunuliwa kwa shilingi 10. Wimbo huo ukazunguka dunia kwa jina la Kiingereza na kuingiza pesa isiyohesabika, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Watoto wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006, baada ya kesi. Walipata sababu walijulikana walipo, jina lilijulikana, na wimbo ulijulikana. Mtu aliyepiga gitari katika kambi ya Kolwezi katika miaka ya 1950, ambaye mjukuu wake leo yuko Mwene-Ditu ao Mbuji-Mayi bila hata picha yake, ataanzia wapi?

Ndiyo maana nasema jambo hili si la mapenzi ya diski tu. Kampuni ndogo ya SWP ya Uholanzi imechukua kanda za Tracey na kutoa diski ya asili ya muziki wa gitari wa Kongo ya kusini na Zambia ya kaskazini, yenye rekodi za miaka ya 1950. Imetoa pia nyingine ya muziki wa Kanyok na Luba, ya mwaka 1952 na 1957. Kanyok! Ni watu wa upande wa Mwene-Ditu, mama, hapohapo unapokaa. Sauti za babu zenu ziko kwenye duka la Ulaya zikiwa na majina ya waimbaji, mahali na mwaka, wakati nyumbani hakuna anayejua kwamba ziliwahi kurekodiwa. Siwalaumu Waholanzi. Bila wao tusingezisikia.

Majirani wa Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba njia ya kurudi ipo. Mwaka 1950 Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wimbo "Chemirocha", jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye diski zake zilikuwa zimefika kijijini. Alirekodi namna tatu, moja, mbili na tatu, na ile ya tatu, iliyoimbwa na wasichana, ndiyo iliyopendwa duniani. Katika miaka ya 2010 watu wa maktaba ya Makhanda, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walirudisha rekodi hizo kule zilikotoka, wakazipiga mbele ya wenyewe. Kuna waliowatambua ndugu zao kwa sauti. Sijaona jambo kama hilo likifanywa Kolwezi, na sioni sababu lisifanywe. Nyumba za kuhifadhi tunazo, redio tunazo, vijana wenye kompyuta tunao.

Ila lazima tuharakishe, sababu Kolwezi ni mji unaojila. Mukuba na kobalti viko chini ya vitanda vyetu. Mwaka 2017 watu wa sehemu ya Kasulo walihamishwa ili mgodi uzungushiwe ukuta. Karibu na Cité Gécamines mgodi umepanuka na nyumba zimebomolewa, na mashirika ya haki za binadamu yaliliandika jambo hilo mwaka 2023. Mtu anapohama anahesabiwa vyumba, choo na miti ya maembe katika lupango. Hakuna karatasi ya fidia yenye mstari wa kaseti. Nimeona kaseti ndani ya vifusi, utepe wake umetoka nje na kujisokota katika matofali kama nywele. Ilikuwa na nini ndani? Labda mahubiri. Labda arusi, na katika arusi ile mjomba mwenye gitari.

Na muziki wa kaseti za arusi ndio hasa usiokuwa mahali pengine popote. Mchukue karindula. Ile gitari kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, ambayo mpigaji anaikalia karibu kuipanda, haiko katika diski nyingi. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed ya Brussels ilitoa diski ya makundi ya karindula yaliyorekodiwa Lubumbashi, pamoja na filamu yake. Filamu ilihitajika, sababu karindula bila wachezaji na vumbi ni nusu. Ni kazi nzuri. Lakini karindula ya matanga ya Kolwezi, inayoanza saa tatu usiku na kuwataja marehemu na wenye madeni kwa majina, hiyo iko katika kaseti za watu na katika simu zilizopasuka kioo. Kwetu picha ya ukutani ya mambo yaliyopita tunaiita ukumbusho. Kaseti hizo nazo ni ukumbusho, ila hazitundikwi ukutani, kwa hiyo tunazitupa.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi ya mikono. Mwenye kaseti asiipige katika mashine chafu ili tu aone kama bado ni nzima, sababu utepe wa zamani ukikamatwa unakatika. Aitoe juani, aiweke imesimama, mbali na spika. Aandike kwenye karatasi, si kwenye kaseti yenyewe, mambo manne: nani anaimba, wapi, mwaka gani hata kwa kukisia, na ilikuwa shughuli gani. Asipojua, aulize mzee wa nyumba wiki hii. Mwenye diski ya zamani ya gramafoni asiioshe kwa pombe, inaharibika. Mwenye redio-kaseti inayofanya kazi vizuri na anayekubali kuiazimisha, atuambie, tutazihamisha pamoja na kumrudishia mwenyewe chake palepale. Na familia mlio Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Likasi ao kwenye maeneo mapya nje ya mji, msifikiri mlichobeba ni kidogo.

Nilipomjibu mama yule kwamba ni Mwenda kweli, alinyamaza siku mbili. Kisha akatuma sauti nyingine, dakika moja na sekunde 40, akiimba ule wimbo wa diski ya baba yake namna baba alivyokuwa akiuimba wakati anajifungia viatu vya kazi. Beti moja haimo katika diski ya zamani wala katika zile tatu za simu. Nimemuuliza kama ni ya Mwenda ao ni ya baba. Hajui. Nimeihifadhi mara mbili, na kwenye karatasi nimeandika jina la wimbo, kisha: "umeimbwa Mwene-Ditu, kama ulivyoimbwa Kolwezi kabla ya 1993".